Mnataka kuchangishana kununua leti kubwa ya karakana? Anzeni na daftari

Wakuu, karakana yetu iko Kizota hapa Dodoma, tuko tisa: wachomeleaji wanne, seremala watatu, fundi pampu mmoja na dogo mmoja wa pikipiki. Tunachangia kodi, umeme na mlinzi, kila mtu na kazi zake. Mimi ndio natunza hela ya kikundi, kwa hiyo kila baada ya miezi michache akitokea mtu na habari ya "kuna leti inauzwa Dar bei ya kutupa, tuchangishane fasta kabla haijachukuliwa" mimi ndio naonekana mbaya nikisema tusubiri kwanza. Nimechoka kurudia maneno yale yale kikaoni, bora niyaandike yote hapa, na kama na nyie mna karakana ya pamoja mtayatumia.

Kwa asiyejua, leti ni ile mashine ya kuchonga vyuma, chuma kinazunguka, kisu kinakifuata kinakipunguza. Shafti, bushi, puli, hesi (yale meno) za bolti kubwa, vyote vinatoka pale. Kubwa ninayoizungumzia ni ile ya tani 1 na nusu, 2 kwenda juu, sio ile ya kuweka mezani.

Na msidhani tulizaliwa na akili hizi. Mwaka juzi tulinunua randa ya seremala, mtumba kutoka Japani, chuma kizito kweli kweli, rangi bado inang'aa. Tukaipakia kwenye Fuso, ikafika usiku, asubuhi tukaiunga. Kibao cha mota kilikuwa kimeandikwa fezi tatu (umeme wa nyaya tatu za moto, sio mmoja kama wa nyumbani), 200V. Sisi tuliona fezi tatu tukafurahi, ile 200 hakuna aliyeisoma kwa akili. Huku kwetu fezi kwa fezi ni 400. Ilinguruma sekunde kadhaa kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye randa, ikatoka harufu ile ya vanishi kuungua, ukiishika mota ni kama sufuria, basi. Muuzaji hapokei simu hadi leo. Randa ikakaa chini ya turubai miezi saba, kuku wa jirani akatotoa humo, mpaka tulipompata fundi wa kusuka mota akaisuka upya kwa 400. Mashine za viwandani za Japani nyingi ni za 200V, hiyo ni kawaida yao kule, sio kwamba ni mbovu, ila inabidi ujue kabla hujalipa.

Hatua ya 1: Daftari, kabla ya picha yoyote ya mashine

Hapa ndipo watu wanapokosea, wanaanza na mashine halafu wanaitafutia kazi. Geuza. Nunua kauntabuku, lining'inize ukutani na kalamu yake, kila kazi ya kuchonga inayotoka nje ya karakana kwenda kwa fundi mwingine iandikwe: tarehe, ni kitu gani, kimepelekwa wapi, tumelipa ngapi, kimekaa siku ngapi, na mwisho, muulize aliyeichonga mashine imezunguka masaa mangapi. Hiyo ya mwisho watu wanairuka na ndiyo yenye hesabu yote.

Sisi tulianza Februari. Mwezi ule masaa 14 tu, Machi 17, Aprili 22. Watu wakaanza kusema ona, hakuna kazi, tuachane nayo. Mei ikaruka 35, Juni 46, Julai 51, Agosti 38. Ukifikiria ni jambo la wazi tu: alizeti zinavunwa, mashine za kukamua huko Kibaigwa na Kongwa zinaanza kupiga kazi mchana na usiku, skrubu za kukamulia zinalika, shafti zinakatika, vinu vya kusaga navyo beringi zinakula shafti. Januari mkulima yuko shamba, mashine yake imelala, nani atakuletea shafti? Kwa hiyo ukipima miezi mitatu ya mavuno utajidanganya utajiri, ukipima miezi mitatu ya masika utaikataa mashine ambayo pengine mnaihitaji. Piga mwaka kama mna subira, mkishindwa basi angalau miezi sita inayoshika pande zote mbili.

Kuna safu moja watu watataka kuiongeza: "kazi tulizozikataa" au "kazi ambazo zingekuja kama tungekuwa na leti". Iandikeni kama inawapa raha, ila isiingie kwenye jumla. Mteja aliyesema angeleta sio mteja, mpaka alete.

Daftari linakwambia na saizi pia. La kwetu lilionyesha shafti ndefu kuliko zote ni mita 1 na sentimita 10, puli pana kuliko zote sentimita 40, na kazi nyingi zaidi ya nusu ni bushi ndogo na mikao ya beringi. Sasa mtu anakuletea leti ya mita 3 kutoka kiwanda kilichofungwa, ya nini? Mashine kubwa sana inazunguka taratibu, bushi ndogo inataka spidi, na umeme unalipa ule ule wa kuzungusha lichuma lote. Kwa kazi zetu inatosha mita 1 na nusu kati ya ncha na ncha, na kitanda chenye pengo, yaani kile kipande karibu na taya inayoshika chuma, kinachotoka ili puli pana ipite. Ulizia na tundu la katikati linapopita chuma, kama shafti zako ni za milimita 50 na tundu ni 38, umekwisha.

Hatua ya 2: Bei yenyewe na bei ya kweli

Bei anayokutajia muuzaji ni mlango tu. Hizi namba ni za mfano tulizopigia kikaoni, weka zako. Mashine milioni 14. Kuipakia, kuisafirisha kutoka Dar mpaka Dodoma na kuishusha, milioni 1 na laki 6. Umeme, kebo, swichi, kinga, milioni 1 na nusu. Zege la kuikalisha laki 6. Halafu vifaa vyake: chaki (sio ya ubaoni, ni ile taya inayoshika chuma), visu, vishikio vya visu, maikromita, biti kubwa, ncha za kuzunguka, milioni 2 na nusu na bado utalia upungufu. Jumla milioni 20 na laki 2. Ona, mashine ya milioni 14 imeshakuwa ya 20 na haijachonga hata msumari.

Sasa igawe. Tukisema ijilipe ndani ya miaka 5, ni miezi 60, inakuja kama 336,700 kwa mwezi. Weka 80,000 kila mwezi ya matengenezo, iwe imeharibika au haijaharibika, usipoiweka utaitafuta siku gia imekatika. Jumla kama 416,700 kila mwezi, hata mashine isipowashwa. Kisha kila saa inayofanya kazi ina gharama yake: mota ya kilowati 5.5 ikivuta nusu nusu ni kama uniti 3 kwa saa, uniti moja ya LUKU kwa matumizi ya biashara ndogo inatoka kama 356 na makato yake, hapo 1,070 hivi, na mchongaji mwenyewe weka 3,500 kwa saa. Ni 4,570.

Mkiitumia masaa 20 kwa mwezi, kila saa inawagharimu zaidi ya 25,000. Mkiitumia 60, inashuka mpaka 11,500 hivi. Mashine ni ile ile, bei ni ile ile, kilichobadilika ni masaa. Sisi tunapopeleka nje tunalipa wastani wa 20,000 kwa saa. Ukipiga hesabu, mashine yetu inaanza kuwa nafuu kuliko kupeleka nje ikivuka masaa 27 kwa mwezi. Chini ya hapo tunanunua fahari.

Wastani wa daftari letu kwa miezi ile saba ni kama 32. Si mnaona, iko juu ya 27, watu wakapiga makofi. Mimi nikasema 32 ni karibu mno na ukingo, mteja mmoja mkubwa wa alizeti akihama tunaanguka, tukakubaliana mstari wetu uwe 40. Hiyo 40 haina kitabu, ni woga wangu tu na wenzangu wakaukubali. Kweli kuna upande wa pili, leti iliyotunzwa haifi, baada ya miaka mitano bado unaiuza kwa hela ya maana, lakini hiyo tusiiweke kwenye hesabu, tuiache iwe akiba ya makosa yetu.

Kuhusu hela inatoka wapi: michango yenu, SACCOS, au kama mna kikundi kilichosajiliwa cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu, ulizieni ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu), haina riba. Msiende kuchukua kausha damu kununulia mashine. Leti inarudisha hela polepole kwa miaka, kausha damu anataka marejesho kila wiki, hivyo viwili haviwezi kulala chumba kimoja.

Hatua ya 3: Umeme

Kama hamna fezi tatu, simamisha kila kitu hapa mpaka mjue. Ombi la TANESCO siku hizi linafanyika kwenye mfumo wao wa Nikonekt, wanakuja kupima, wanawapa gharama kulingana na nguzo na umbali. Pata hiyo gharama kwenye karatasi KABLA ya kulipa mashine. Sio "fundi wa mtaani kasema haizidi laki kadhaa".

Kisha angalia transfoma mnayotumia mtaa mzima. Mota ya kilowati 5.5 kwenye 400V inavuta ampea kama 11 ikiwa na mzigo wake kamili, lakini ikiwashwa moja kwa moja inameza mara 6 au 7 ya hapo kwa sekunde chache. Hapo ndipo taa za jirani zinapofifia na mama wa saluni anakuja na dryer mkononi. Swichi ya sta-delta, inayowasha mota kwa hatua mbili, inapunguza ule mmezo mpaka theluthi, na leti zenye klachi zinaanza bila mzigo, nafuu zaidi.

Kuna wataalamu watakwambia weka inveta, kifaa cha kutengeneza fezi tatu kutoka kwenye moja, utumie fezi moja. Inawezekana kwa mota ndogo, kilowati 2.2 hivi kushuka. Juu ya hapo inakuwa ghali na laini ya fezi moja inaumia. Usinunue leti ya tani 2 ukitegemea hiyo.

Kitu kingine ambacho kwa huku kwetu ni lazima: rilei ya kukata umeme fezi moja ikipotea. Mvua za Desemba zikianza na zile radi zake, fezi moja inaondoka mbili zinabaki, mota haizimi, inaendelea kunguruma na mbili mpaka inaungua. Kifaa chenyewe ni kidogo, bei yake haifikii hata robo ya kusuka mota.

Na kibao cha mota. Kisome. Volti, fezi, hazi (mara ngapi umeme unajirudia kwa sekunde). Za Uingereza za zamani 415V hazi 50, hizo zinaingia huku bila shida. Za Japani 200. Za Marekani hazi 60 na volti zao nyingine kabisa, hapo ni kutafuta transfoma au kubadili mota, na kwenye hazi 50 itazunguka pole kuliko ilivyoandikwa.

Hatua ya 4: Itakaa wapi

Hii fupi. Pima mlango, sio kwa macho. Pima njia kutoka barabarani, maana kuna mitaa Fuso haikunji kona. Sakafu ya zege nene kama sentimita 15 isiyopasuka, kama eneo lenu lina ule udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, chimbeni muutoe kwanza, la sivyo sakafu ikicheza kitanda cha leti kinajipinda na shafti zote zitatoka nyembamba upande mmoja.

Ila kitu kinachoua leti kwenye karakana ya mchanganyiko kama yetu ni vumbi la grainda. Wachomeleaji wanasaga mageti, zile cheche zina mchanga wa jiwe la kusagia, zinatua kwenye kitanda cha leti chenye oili, halafu kigari cha kisu kinapita juu yake kwenda na kurudi, ni sawa na kuipiga msasa kila siku. Ongeza upepo wa hapa Dodoma kuanzia Julai huko na unga wa mbao wa seremala unaofyonza oili. Leti inataka chumba chake chenye ukuta, hata wa mabati. Kama hakuna nafasi ya kuweka ukuta basi hakuna nafasi ya leti, ndivyo ninavyoona mimi.

Hatua ya 5: Taja jina la mtu

Kikaoni uliza swali hili na ukae kimya: nani ataipaka oili kila asubuhi? Wote wakijibu "tutasaidiana", jibu ni kwamba hakuna. Lazima awepo mtu mmoja, ana jina, anajua kuchonga, anashika ufunguo, na analipwa kitu kwa kazi hiyo, hata kama ni kupunguziwa kodi. Kama kati yenu hakuna anayejua, mpelekeni mmoja akajifunze VETA au akakae kwa mchongaji mzoefu miezi kadhaa, na gharama ya kumsomesha iingie kwenye ile jumla ya milioni 20.

Mwingine yeyote asiguse mpaka huyo mtu amemfundisha na kumwandika. Leti haina huruma, glavu hazivaliwi, mikono mirefu ya shati inakunjwa, hereni na mikufu nje, ufunguo wa chaki hauachwi kwenye chaki hata sekunde moja, maana mtu akiwasha unaruka kama jiwe la manati. Na sehemu ya kazi yenyewe inatakiwa isajiliwe OSHA, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 inataka hivyo, bora mkae nao vizuri mapema kuliko kuja kukutana nao baada ya ajali.

Hatua ya 6: Nenda ukaishike

Picha ya WhatsApp sio ukaguzi. Mwezi wa saba tulitumwa watu wawili kwenda Dar, mimi na mchongaji mmoja mzee tuliyemwomba atusindikize. Tukapanda treni ya mwendokasi asubuhi, kabla ya adhuhuri tuko kwenye yadi. Mzee hata hakusalimia mashine kwa macho, alipitisha kucha. Alianza kwenye kitanda upande wa mbali, ambako kigari hakifiki mara nyingi, akaburuza kucha taratibu kuja upande wa taya. Karibu na taya kucha ikakwama. Kuna ngazi pale, ndogo, huioni lakini kucha inaihisi. Akanishika kidole akakipitisha na mimi, "umesikia? hapo ndipo ilipokula maisha yake."

Akaomba iwashwe. Muuzaji akasema umeme hakuna, mzee akajibu tutausubiri, tukakaa kwenye kivuli tukanunua maji. Umeme "ukarudi" baada ya nusu saa. Akapitia gia moja moja, zote, akiwa ameegemeza bisibisi kwenye boksi la gia na mpini sikioni kama daktari. Akashika gurudumu la kusogeza kisu akalizungusha mbele kisha nyuma, akahesabu kwenye namba zake ni kiasi gani linazunguka bure kabla kisu hakijaanza kutembea. Kidogo sio shida, kila leti iliyotumika inacheza, robo mzunguko hiyo ni nati imekwisha.

Mwisho jaribio ambalo naomba msiliache hata mkiacha yote. Alifunga chuma cha milimita 50 kwenye taya, kikatokeza kama sentimita 15, bila kukishika kwa nyuma. Akakipitisha kisu mara mbili, ya pili nyembamba sana. Akapima kwa maikromita mwanzo na mwisho. Tofauti ikawa milimita 0.12. Kwa maelezo yake, 0.02 ni nzuri, 0.05 inavumilika kwa shafti za vinu vya kusaga, 0.12 beringi itacheza ukiifunga. Muuzaji akaruka, "mashine haijasawazishwa hapa, imekaa kwenye mchanga!" Na hapo kiukweli hakuwa anadanganya, leti isipokaa sawa inajipinda na inachonga hivyo hivyo. Mzee akasema sawa, tuweke vipande vya bati chini ya miguu tuisawazishe, tupime tena. Ikashuka mpaka 0.08. Bado.

Kitu kimoja zaidi: leti nyingi za zamani za Uingereza skrubu yake ndefu, ile inayovuta kisu wakati wa kuchonga hesi, ni ya inchi. Ukitaka kuchonga hesi za milimita inabidi uwe na gia ya meno 127, kwa sababu inchi ni milimita 25.4 na 25.4 mara 5 ni 127. Uliza iko wapi. Mara nyingi ndiyo iliyopotea, na muuzaji atakwambia "hiyo mtachonga tu". Ile ya yadi haikuwa nayo.

Tukarudi mikono mitupu. Nauli, chakula, na posho ya mzee, ilituuma, kuna mwenzetu alinuna wiki nzima kwamba tumekula hela ya kikundi kwenda kutembea Dar.

Hatua ya 7: Andikeni kabla hamjapendana na mashine

Kwenye kikao chetu mzozo mkubwa haukuwa bei, walikuwa seremala. Mmoja akasimama, "mimi nachonga mninga, leti ya chuma itanisaidia nini, kwa nini nichangie sawa na welda?" Na ana haki. Kwenye randa wachomeleaji walichangia sawa, wakanyamaza, sasa ndio wanaikumbushia. Tulizunguka masaa matatu. Tulichokubaliana: anayetaka ananunua hisa, asiyetaka hanunui, karakana inachukua kodi ya nafasi kutoka kwenye mashine kama mpangaji mwingine yeyote, na asiye na hisa akiitumia analipa bei ya nje kasoro kidogo. Seremala wawili wakatoka, mmoja akabaki na hisa moja, anasema ni ya mwanae.

Mengine ya kuandika: mtu akihama au akifariki hisa yake inanunuliwa kwa bei gani na ndani ya muda gani. Aliyevunja kwa uzembe analipa nini, na nani anaamua ni uzembe. Kazi ya mteja wa nje na kazi ya mwanachama zikigongana nani anatangulia, hasa Juni na Julai. Karatasi ya ununuzi na risiti ya EFD viwe kwa jina la kikundi, sio la aliyekwenda kulipa.

Na jihadharini na mashine ya bure. Kuna mjomba wa mtu, ana leti iko nyumbani, anasema ichukueni muitumie, itabaki yangu. Mnaona mmeokota dodo. Mnajenga chumba, mnavuta umeme, mnanunua gia, mnasuka mota, mwaka wa pili mjomba anapata mteja, anakuja na Fuso kuchukua mali yake, na ni mali yake kweli. Kama mnaikubali basi muda wa chini uandikwe, miaka mitatu au minne, na gharama zote mlizotia mrudishiwe akiiondoa mapema. Akikataa kusaini, mshukuruni, mumwachie.

Hatua ya 8: Jaribu kutokununua

Baada ya safari ya Dar tulimfuata mchongaji mmoja mtaa wa pili, leti yake inalala siku nyingi. Tukamwomba tununue siku zake mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, kwa bei moja ya mwezi. Amekubali kwa 15,000 kwa saa badala ya 20,000 tuliyokuwa tunalipa kila mtu kivyake. Na hii imeharibu hesabu yangu yote, maana kwa 15,000 mstari wa kuvuka haupo tena kwenye masaa 27, umepanda mpaka 40. Woga wangu nao inabidi usogee, sijui 55, sijui 60.

Kikao kijacho ni Jumamosi. Daftari la Septemba linasoma masaa 29 mpaka leo asubuhi. Yule dogo wa pikipiki ameshapata leti nyingine, iko Gerezani, anasema ni bei ya kutupa na kuna watu wa Singida wanaitaka. Nimemwambia atume kwanza picha ya kibao cha mota.